Hisa za migodi ya nje: hatari ya siasa unaipima vipi?

Wakuu, tujadili. Wapo wanaosema usiguse hisa za kampuni ya kigeni yenye mgodi Afrika, serikali ikibadili gia hela yako imeondoka. Wengine wanasema dhahabu ikipanda bei, siasa utaisahau. Mimi siko kambi yoyote, na mfano wangu ni Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu hapa Tanzania.

Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wa madini ambao haujasafishwa, yasitoke nchini. Makontena 277 yakakwama Dar. Acacia, iliyokuwa soko la hisa la London, ilikuwa na migodi mitatu hapa. Bulyanhulu na Buzwagi walibanwa. North Mara wakaendelea kuuza, kwa sababu dhahabu yao haikutoka kama makinikia bali kama mikuo, yaani vipande vya dhahabu iliyoyeyushwa. Rais mmoja, kampuni moja, hatari tofauti. Anayepima kwa jina la nchi angejuaje hilo?

Julai serikali ikaidai Acacia kodi: dola bilioni 190. Hisa zilikuwa zimeshaporomoka. Sasa tazameni nani alikaa mezani. Barrick, kampuni ya dhahabu ya Kanada yenye karibu asilimia 64 ya Acacia, ndiye aliyezungumza na serikali. Acacia yenyewe ilisubiri nje. Oktoba yakatangazwa malipo ya dola milioni 300 na mgawo wa nusu kwa nusu wa faida ya migodi kati ya kampuni na serikali. Mwaka 2019 Barrick akanunua hisa zilizobaki, tena baada ya wenye hisa wadogo kulalamikia dau la kwanza mpaka likaongezwa. Leo Barrick yupo na serikali ndani ya Twiga, kampuni yao ya ubia. Kwa hiyo kabla ya kununua mimi nauliza: mambo yakiharibika, nani ataenda kuongea, na kwa faida ya nani?

Kahama Kwetu: Mnaiita hatari, huku tunaita kudai chetu. Sheria ya 1998 ilitoza mrabaha, yaani malipo kwa serikali juu ya thamani ya madini, wa asilimia 3 tu kwa dhahabu. Mwekezaji aliyeona mkataba mtamu vile alitegemea tulale milele?

Mleta mada: Hapo nakuunga mkono. Mkataba mtamu kupita kiasi ni dalili mbaya kwa mnunuzi, na mrabaha wa asilimia 6 pamoja na hisa asilimia 16 za serikali vilikuwa vinakuja tu. Ila bilioni 190, mkuu? Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la mwaka ule. Hakuna hesabu ya mwekezaji inayoweza kubashiri kitu kama hicho.

Dalali Mstaafu: Msiisingizie Afrika peke yake. Panama, Novemba 2023, Mahakama ya Juu ilibatilisha mkataba wa mgodi wa shaba wa First Quantum baada ya wiki za maandamano, mgodi ukafungwa. Na huyo Barrick mzoefu, Januari 2025 Mali ilipeleka helikopta ikabeba dhahabu yake kwenye mgodi wa Loulo-Gounkoto.

Kahama Kwetu: Si kuna usuluhishi wa kimataifa?

Dalali Mstaafu: Upo, kwa mwenye pumzi. Indiana Resources ya Australia walipoteza leseni ya nikeli ya Ntaka Hill 2018, wakashinda dola milioni 109 mwaka 2023, wakamalizana na serikali kwa milioni 90 mwaka 2024. Na walipita mlango wa mkataba wa uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza. Kampuni unayotaka kununua imesajiliwa wapi, na nchi hiyo ina mkataba kama huo? Wengi hawaulizi mpaka moto uwake.