Gauni la mita 2 bila kutupa hata kipande, inawezekana au ni maneno tu?

Uzi_Mweusi
Wadau habari zenu. Mimi si fundi wa kulipwa, nina cherehani yangu nyumbani nashona nguo zangu na za wanangu basi. Kinachonikera ni mabaki. Nikishatandika patani (karatasi ya kukatia) nikakata, zile nusu duara za kwapa na za shingo na vile vipande vyembamba vya pembeni ya sketi vinajaza mfuko, sivitupi na sivitumii, vipo tu. Sasa nimesikia kuna ukataji ambao kila sentimita inaingia kwenye nguo. Nimejaribu kuchora vipande vyote viwe vya mraba na mstatili ila naona mkono utabana nikiuinua, na shingo sijui naitoaje bila kukata duara. Kitambaa ni pamba, upana 150, urefu mita 2. Kifua 96, nyonga 104. Nataka gauni la kila siku la mikono mifupi. Nisaidieni.

MamaBobini
Inawezekana mdogo wangu, chukua karatasi uchore hivi. Sentimita 140 za urefu ni sketi, vipande viwili, kila kimoja upana wote 150 na urefu 70. Halafu kata utepe mmoja wa sentimita 10 kwa upana wote. Zinabaki 50 za urefu, hapo toa badani (sehemu ya juu ya gauni) mbili za 54 kwa 50, ya mbele na ya nyuma, pembeni kinabaki kipande cha 42 kwa 50, kigawe katikati upate mikono miwili ya 42 kwa 25. Kwenye ule utepe wa 10 toa vikwapa viwili (vipande vya kushonea chini ya kwapa) vya 10 kwa 10, unaobaki ni mkanda wa kiunoni. Imeisha hapo, sakafuni hakuna kitu. Ukiacha 1.5 kila mshono kifua kinatoka 102, kinakutosha bila kubana.

Sasa mkono. Bila kikwapa ukiinua mkono gauni zima linapanda, ndicho ulichokiona kwenye mchoro wako. Kile kimraba kinakaa kama almasi, pande mbili zinashika badani na pande mbili zinashika mkono. Shida yake ni kona tu, ushonapo usifike mwisho wa kitambaa, simama 1.5 kabla ya kona, acha sindano imezama chini, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, shusha mguu uendelee. Ukipitiliza hata mishono miwili kona inajikunja na pasi haiwezi kuiondoa.

Shingo usikate duara. Mabegani acha 26 katikati bila kushona, badani ya mbele chana moja kwa moja kwenda chini 14, kunja zile pembe mbili ndani upate V, piga pasi, shona pembeni, pembe zenyewe zinakuwa kaba, yaani kitambaa cha ndani cha kumalizia shingo. Ncha ya V ibandike kipande cha gamu ya pasi (kitambaa chenye gundi kinachoshika kwa moto wa pasi) kabla hujachana la sivyo itaendelea kuchanika yenyewe.

Mkasi_Butu
Samahani nitakuwa mbishi kidogo. Sketi ya mita 3 kuzunguka kwa mtu wa nyonga 104 si kuokoa kitambaa, ni kumvisha mtu mabaki yake. Marinda yote hayo ni uzito, ni muda mrefu wa kukauka, na kama kitambaa ni kigumu kiuno kinatuna. Nusu ya miundo hii ya bila mabaki iko hivyo, hesabu inatoka vizuri kwenye karatasi halafu nguo haivaliki, inakaa kabatini. Mimi naona bora patani ya kawaida uitandike kwa akili, kitambaa kikiwa wazi bila kukikunja mara mbili, mkono mmoja uelekee juu na mwingine chini, mabaki yakawe paipini (utepe wa kumalizia kingo) na mifuko. Na kama kitambaa kina maua yanayotazama upande mmoja hapo hata kugeuza huwezi.

MamaBobini
Mkasi_Butu la marinda nakubali, mita 3 kwa kitambaa kizito ni balaa. Ila la maua angalia mchoro vizuri, vipande vyote vimesimama upande uleule wa uzi hakuna kilichogeuzwa, kwa hiyo maua hayatalala.

shona_polepole
Kuna jambo hamjamwambia. FUA KWANZA ndipo upime. Pamba inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5, maana yake mita 2 inaweza kubaki 190 na hesabu zote hapo juu zimekufa, patani ya kawaida ina nafasi ya kusogeza lakini huu mpango hauna hata sentimita ya akiba. Upana nao upime mwenyewe usiamini maandishi. Na zile kingo mbili za kiwandani usizikate, hazichambuki, zikiangukia kwenye mshono wa ubavuni wa sketi huhitaji ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisichambuke).

Mabega nayo yakishonwa mstari mnyoofu yanatuna. Anza na 1.5 shingoni ushuke taratibu hadi 4 kwenye mkono, kinachozidi usikate, kibaki ndani.

Nyonga_Pana
Na sisi wenye kifua 112? Badani za 54 haziingii kabisa.

MamaBobini
Badani fanya 63, pembeni kinabaki kipande cha 24 kwa 50 ambacho hakitoi mikono. Mikono itoe kwenye sketi. Kila sketi iwe 108 badala ya 150, unapata vipande viwili vya 42 kwa 70, kata 50 ya mkono mrefu, ile 20 inayobaki ikunje mara mbili iwe mfuko. Kile cha 24 kipasue katikati kwa urefu, kiwe taharizi mbili (vipande vya kuongeza upana) za ubavuni kwenye sketi. Na marinda yanapungua, Mkasi_Butu afurahi.

Mkasi_Butu
Hii ya pili ningeivaa 😂

Uzi_Mweusi
Asanteni sana. Basi hata mimi nachukua sketi ya 108 kila kipande, kwa nyonga 104 inatosha. Kitambaa nimeshakiloweka, nikipima nikakuta kimerudi narudi hapa tupange upya.