Mizani ya kupimia baruti: nitajuaje inasema kweli?

mtoto_wa_tanga: Wakuu habari zenu. Nipo Texas, huku kujaza risasi zako mwenyewe nyumbani ni halali, mzee jirani ndo kanifundisha. Najaza za 9mm na kamizani ka digito ka betri. Jana nimeweka baruti inasoma greini 4.5 (greini ndo kipimo cha uzito wanachotumia huku kwa baruti), nikapokea simu, narudi inasoma 4.8 na sijaongeza hata chembe, nikatoa kisahani nikakirudisha ikasema 4.6. Ipi ya kweli sasa? Nimeacha kila kitu mezani. Sarafu ya senti 5 ya huku ina gramu 5, yaani greini 77.2, nimeipima ikasoma 77.1 nikajua kapo sawa.

baba_J: Umefanya la maana sana kuacha. Greini 0.3 ni kama gramu 0.02 tu, kwenye bunduki ya kulungu inayokula greini 40 sio kitu kikubwa ila kwa 4.5 hiyo ni karibu asilimia 7, na baruti ya bastola inaungua haraka, presha inapanda ghafla. Chukua ya umeme wa ukutani inayosoma 0.1, iwashe nusu saa kabla, feni na AC zima, simu weka mbali.

mama_dhahabu: Mdogo wangu mimi risasi sizijui, nanunua dhahabu Geita, ila ugonjwa wa mizani ni huo huo. Kwetu pointi 1 ni gramu 0.1 na mchimbaji anaikodolea macho hiyo namba kuliko wewe. Sarafu ya gramu 5 inakupa habari za gramu 5, wakati we unapima gramu 0.3! Nunua mawe ya miligramu, ni vibati vyembamba vina kona iliyokunjwa, shika kwa kibano maana jasho la kidole nalo lina uzito. Weka la miligramu 200 na la 100 pamoja, yaani gramu 0.3, lazima isome greini 4.6. Weka katikati, weka pembeni, rudia mara kumi, halafu toa kila kitu uone kama sifuri imerudi. Wakala wa Vipimo wanakagua na kugonga muhuri kila mwaka lakini mawe yangu nayapandisha kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza.

baba_J: Dada kamaliza. Naongezea tu, tafuta na ile ya kizamani ya mkono, ya kuteleza vijiwe, haina betri wala joto la kuihamisha, weka meza iliyolala sawa na ncha zake usizipake mafuta. Mi baruti ya kila risasi ya kumi naipitishia huko.

mtoto_wa_tanga: Shikamoo dada, asanteni sana. Mawe na ya mkono nimeagiza vyote. Kuna 30 nilijaza wiki iliyopita na haka haka kamizani, kesho naazima kwa mzee ile nyundo ya kuzing'olea, nazifungua zote.