Wenye boti za matanga, acheni kutupa nanga juu ya matumbawe ya Maziwe!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Wageni wanakodi katamarani za kifahari hapa Tanga, wanapelekwa visiwani kuona kasa, pomboo na ndege. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe nakula kwa kuongoza wageni. Ugomvi wangu ni nanga.

Juzi tulikwenda kisiwa cha Maziwe, kule mbele ya Pangani. Maji yanakupwa, upepo wa kusi umeshaanza kutia nguvu. Namwambia nahodha, kaka, sogea kidogo, pale chini ni mchanga, hapa ni matumbawe matupu. Hakunijibu. Akabonyeza kitufe, mnyororo ukashuka kwa kishindo. Nikavaa miwani nikajitosa. Nanga imekaa juu ya tumbawe la mviringo, kubwa kuliko meza ya kulia, limepasuka katikati, weupe wa ndani uko nje, na vipande vimetapakaa pembeni. Tumbawe la aina ile hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe lilianza lini.

Na hapo nanga ni mwanzo. Upepo ukigeuka boti inazunguka, mnyororo unaifuata, unafagia kila kilichosimama chini.

Tuliporudi nikamfuata mwenye boti. Akanijibu: "Wageni wamelipa, kiingilio kimelipwa, wewe kinakuuma nini?"

Kinaniuma! Maziwe ni eneo tengefu. Mvuvi wa kijiji cha Ushongo, hapo Pangani, haruhusiwi kutupa mshipi wala mtego wa dema pale, na watu wameitii sheria hiyo huku watoto wanataka kula. Leo mtu anaangusha chuma juu ya mwamba uleule na anataka tumwite mwekezaji! Pwani hii imeumizwa na uvuvi wa baruti vya kutosha.

Kisiwa chenyewe kiko hoi. Wazee walikikuta na mivinje. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikaula. Sasa ni fungu la mchanga tu, maji ya bamvua yakijaa linafunikwa lote. Kasa hawajaacha kupanda kutaga, kwa hiyo mayai hufukuliwa na kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo, maana yakiachwa yatafunikwa na maji kabla hayajaanguliwa, na kuanguliwa huchukua hadi kama siku 60. Watu wanabeba mayai kwa mikono, moja moja, kwa uangalifu wa kumbeba mtoto mchanga. Kinachovunja mawimbi yasilimalize hilo fungu ni ule mwamba mnaoutupia nanga. (Na wanaorusha droni kuwatimua ndege wa bahari, buabua, wapate video, nao nawaona.)

Ninachotaka ni maboya ya kufungia boti. Mpaka yawekwe, nanga itue mchangani tu, na baharia mmoja azame kutazama kabla mnyororo haujaachiwa. Ni kazi ya dakika chache. Mawakala mliomo humu, msinipigie simu kwa boti ambayo nahodha wake hataki kusikia hilo, sipandi. Na nyie mnaokodi, kabla hamjatoa hela ulizeni nanga itatua wapi.

Mwenye picha za chini ya maji za Maziwe, za zamani au za sasa, aziweke hapa. Nataka nimpelekee mwenye boti azione.