Mnaotuuzia Leaf kwa "kilomita 228", njooni mnieleze hii ya Hale

Wakuu, heshima kwenu. Nilisubiri hasira zipoe ndiyo niandike. Zimegoma kupoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Nina neno moja tu na hawa wauza magari ya umeme yaliyotumika. Wanatuuzia namba iliyoandikwa kwenye karatasi Japani wakati gari lilipokuwa jipya, betri iliyopo leo hawaizungumzii kabisa. Ukikwama njiani wanakugeuzia kibao kwamba hujui kuendesha.

Gari ni Nissan Leaf ya 2013, betri ya uniti 24, uniti hizi hizi za LUKU. Na niseme mapema, gari lenyewe sina ugomvi nalo. Kwa hapa Tanga mjini ni raha tupu. Raskazone, Chumbageni, Ngamiani barabara zote, Kange kupokea wageni, jioni unachomeka unalala. Halina kelele, halina oili ya kumwaga. Uniti moja ni shilingi 356 na senti zake, piga hesabu mwenyewe ulinganishe na unachoacha sheli kila wiki. Kwa hiyo wale wa "si ungenunua IST" naomba wapumzike kwanza.

Ugomvi wangu ni na yadi moja ya Dar. Nilipouliza linaenda umbali gani, kijana wa mauzo akafungua simu, akanionyesha karatasi ya Kijapani, akaweka kidole kwenye 228. "Bosi wangu, hapa Dar–Moro hugusi waya, unafika na chenji." Chenji! Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 hivi. Mimi safari yangu ndefu ni Korogwe, ambako kutoka Tanga hata mia hazifiki. Nikaona kumbe nitaenda na kurudi, na chenji nitakuwa nayo mkononi.

Cha kushangaza, hilo gari la Dar–Moro bila waya lililetwa Tanga limepakiwa juu ya lori. "Kwa usalama tu, bosi."

Sasa sikilizeni hiyo 228 inakotoka. Ni kipimo cha maabara cha Wajapani kinaitwa JC08. Gari linawekwa juu ya marola ndani ya jengo, linaendeshwa kwa mtindo wa foleni za mjini, mwendo wa wastani kilomita 24 kwa saa. Bajaji za Ngamiani zinaenda kasi kuliko hiyo. Na hapo ni gari jipya la kiwandani. Wamarekani walipopima modeli ya 2014 yenye betri ya ukubwa uleule wakapata maili 84, yaani kilomita 135. Kilomita 93 zimeyeyuka kwa kubadilisha tu anayepima! Yadi zinazijua namba zote mbili. Ya pili hawaionyeshi.

Tulikuwa na arobaini ya shangazi Korogwe. Mimi, mama, mke wangu, mdogo wangu, na masufuria ya kuazima kule nyuma. Usiku kucha gari liko kwenye umeme, asubuhi dashibodi inasoma 112. Kwa safari isiyofika mia nikasema twende, tena mwendo wa kiungwana, hakuna haraka.

Pongwe hakuna neno. Kufika Muheza tumetembea kilomita 35 hivi, ile namba imeshakata zaidi ya 50. Barabara kuu siyo Ngamiani. Ukishafika 80 upepo unakula umeme kuliko kitu kingine chochote, na ile njia inapanda taratibu kutoka baharini hata kama macho hayaoni. Nikazima AC, tukafungua vioo, mama akaanza kujipepea na ncha ya kanga. Mbele ya Muheza ikawaka taa ya njano, na dada wa Kijapani aliyemo kwenye redio akaanza kuongea kwa adabu kabisa.

"Anasemaje huyo?" mama akauliza.

"Anatusalimia, mama."

Karibu na Hale kilomita zikafutika, vikabaki vistari vitatu. Wenye Leaf wanavijua hivyo vistari. Maana yake gari nalo halijui tena litafika wapi. Baada ya hapo hutokea kipicha cha kobe, nguvu inapunguzwa, unajikokota kidogo halafu unasimama palepale ulipo, hata kama ni katikati ya kona na lori la mkonge liko nyuma yako. Kobe sikumsubiri.

Na mahali penyewe ni Hale, jamani. HALE! Hapo kuna mtambo wa maji wa megawati 21, na chini zaidi kwenye mto uleule kuna New Pangani Falls wa megawati 68. Nyaya za msongo mkubwa zinapita juu ya kichwa changu zikipeleka umeme kwa watu, mimi chini yake nina vistari vitatu. Mdogo wangu alicheka mpaka akashuka kwenye gari. Mimi sikucheka.

Ingekuwa petroli ningemtuma bodaboda na kidumu, ndani ya nusu saa tumeondoka. Umeme hauji na kidumu. Kuvutwa kwa kamba nako hakufai, maana mota iko kwenye matairi ya mbele na kitabu cha gari kinakataza kuliburuza matairi hayo yakizunguka chini. Unatakiwa ulipandishe juu ya gari lingine. Haya, mtafute huyo mwenye gari lingine, asubuhi ya Jumamosi, Hale, na umwambie umeishiwa nini.

Tukajikokota mpaka gesti moja kando ya barabara. Mwenyewe mama mtu mzima. Shikamoo, marahaba, nikamweleza shida yangu. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Mwanangu, LUKU nimeweka jana. Hilo dude lako likiinywa yote, mafriji yangu ya soda yatakula nini?"

Ana haki kabisa. Nikamwomba namba ya mita, nikamnunulia ya elfu tano kwa simu, zikaja uniti 14, nikamsomea tokeni akabonyeza mwenyewe mpaka mita ikakubali. Uso ukakunjuka. Akaniletea na kiti. Yule mama ndiye pekee kwenye mkasa huu wote aliyenifanyia biashara ya haki, alichopokea nilikiona na nilichopata nilikiona.

Familia ikadandia basi kwenda Korogwe, wakawahi dua. Mimi nikabaki nalinda waya.

Na huo waya nao ni kesi nyingine. Wajapani wameutengeneza kwa volti 200 na ampia 15. Yadi wamekata plagi yake wakafunga yetu ya pini tatu, ambayo fyuzi yake mwisho ampia 13. Haikupita muda soketi ya gesti ikaanza kunuka plastiki. Tukahamia nyingine ya jikoni iliyokuwa ngumu kidogo, nikawa kila baada ya dakika chache nashika plagi kwa kiganja kusikiliza joto. Mtu anayekuuzia gari la mamilioni anashindwa kukufungia plagi ya viwanda ya ampia 16, akakupa hii ya pasi. Nyumba ya mtu ikiungua atasemaje? Bila shaka atauliza kama AC ilikuwa imewashwa.

Maana ndicho alichoniuliza. Nilimpigia nikiwa pale pale kwenye kiti.

"Uliwasha AC?" Nikamwambia nimezima tangu Muheza. "Mlikuwa wangapi?" Wanne. "Ahaa. Mlibeba mzigo?" Masufuria. Akavuta pumzi kama daktari. "Bosi wangu, gari la umeme linataka ustaarabu wa mguu."

Ustaarabu wa mguu! Gari la viti vitano, tumepanda wanne, mmoja wetu bibi wa kilo hamsini, tumetembea kilomita sitini na kitu, halafu kosa ni mguu wangu. Siku ya kuniuzia hakusema kilomita 228 ni za dereva peke yake, amevaa nguo nyepesi, bila masufuria. Umeme nao ukakatika katikati ya maongezi, tukabaki mimi na mama wa gesti tunaangaliana.

Sasa njooni kwenye kilichoniuma hasa, maana hadi hapo mngeweza kusema ni maneno ya muuzaji tu, kila muuzaji anasifia chake.

Kwenye dashibodi ya Leaf, kulia kabisa, kuna vijiti vidogo 12 pembeni ya vile vya chaji. Hivyo vidogo ndivyo vinaonyesha afya ya betri. Cha kwanza kinadondoka betri ikishapoteza kama asilimia 15, vinavyofuata kila asilimia 6 na kidogo. Siku nalipokea, vyote 12 viko wima. Nikafurahi kama bwege wa mji. Betri yenye zaidi ya miaka kumi, iliyozaliwa na gari lenyewe, inaonyesha 12? Kumbe kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, ikaanza upya ikiamini betri ni nzima. Inachukua wiki kadhaa za kuendesha mpaka ijifunze ukweli. Vijiti vyangu vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine, yadi wakaniambia "inajipanga na hali ya hewa". Imejipanga mpaka vimebaki vinane.

Baada ya Hale nikampata fundi hapa Chumbageni mwenye kile kidude cha kuchomeka kwenye OBD, lile tundu la kupimia gari, na programu ya Leaf Spy kwenye simu. Dakika mbili tu. Afya ya betri asilimia 66. Yaani uniti 24 za kwenye tangazo zimebaki chini ya 16, na gari halikuachii uzitumie zote, za kutumia ni 14 hivi. Kwa barabara kuu, watu wanne na kilima, ukipata kilomita tano au sita kwa uniti shukuru Mungu. Zidisheni wenyewe halafu mniambie Dar–Moro inatoka wapi. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia limechorwa picha ya ng'ombe.

Fundi akanionyesha na jambo jingine. Betri ile ni jozi 96 za seli zilizofuatana, na kwenye yangu kuna chache zilizochoka kuliko wenzao. Moja ikishuka chini kupita kiasi, gari zima linakatiwa nguvu hata kama nyingine bado zina kitu. Ndiyo maana asilimia za mwisho zinaondoka ghafla. Kwa hiyo yule anayekufundisha kwamba "ukiona 20 bado una safari", muulize kwanza betri yake ina umri gani.

Joto nalo wanalinyamazia. Leaf za zamani hazina maji ya kupoza betri, zinategemea upepo tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la joto kule Marekani, walilalamika vijiti vinadondoka mapema, na 2013 kampuni ikaongeza dhamana ya Marekani ya betri isishuke chini ya vijiti tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000. Betri za modeli ya 2015 ndizo zikaja na kemikali inayovumilia joto zaidi. Habari hizi zina zaidi ya miaka kumi ziko wazi duniani. Unamuuziaje mtu wa pwani, Tanga hii ya Januari, Leaf ya 2013 bila kumtajia hata moja?

Najua watakaokuja na "gari la umeme ni la mjini, ulienda kutafuta nini Korogwe". Nakubali ni la mjini. Basi tangazeni ni la mjini! Andikeni "Leaf, afya 66%, linafaa kwa Tanga mjini na Muheza kwenda na kurudi ukijitahidi", bei ishuke ilingane na hicho, mtu anunue akijua. Na mtakaosema nisingeacha chaji ishuke hivyo, nitajieni chaja ya umma mliyoiona kati ya Pongwe na Korogwe. Mimi sijaiona. Lithiamu haipendi kulazwa tupu, hilo najua, lakini betri haishuki kwa sababu dereva anapenda kuona vistari.

Yadi sasa wananiambia risiti imeandikwa "linauzwa kama lilivyo". Sawa. Lilivyo lilikuwa linaonyesha vijiti 12, na vijiti hivyo vilikuwa vya uongo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na sijaona humo mahali palipoandikwa isipokuwa Leaf. Malalamiko yangu yanaenda FCC, yaani Tume ya Ushindani, yakiwa na tangazo lao la 228, picha ya vijiti siku ya kupokea, picha ya vijiti leo, na kipimo cha fundi. Ninachodai ni tofauti ya bei kati ya betri niliyoambiwa na betri niliyopewa, pamoja na plagi ya maana.

Anayetaka kununua Leaf wiki hii, usitoe hata shilingi kabla hujasomewa afya ya betri kwa kifaa, mbele ya macho yako, na ulinganishe na umri wa gari. Yadi ikikataa kuchomeka, ondoka.

Jina la yadi nikiliandika hapa mods watafuta uzi, kwa hiyo silitaji. Ila mliochukua Leaf za 2012 na 2013 Dar miezi ya karibuni na vijiti vimeanza kushuka, njooni PM na picha ya dashibodi ya siku ya kupokea na ya leo. Tukiwa wengi tunaandika barua moja.