Naomba ushauri: cherehani ya kushona mikanda ya parachuti

Wakuu, natafuta cherehani za kiwandani za kukarabati parachuti. Kwa mifuko ya kubebea parachuti, Consew 206RB inatosha: mguu na sindano vinavuta pamoja, tabaka haziachani, na uzi wa nailoni namba E unapita vizuri. Kwa mshono wa zigizaga (unaokwenda upande huu na huu), nafikiria Pfaff 138.

Kazi iko kwenye mikanda ya kumfungia mrukaji. Pale unatakiwa uzi mnene wa nyuzi 5 zilizosokotwa; cherehani ndogo ukiilazimisha, sindano inapinda, inagonga ndoano (inayodaka uzi chini), na fundo la uzi wa juu na wa chini linabaki juu badala ya kuzama katikati ya mkanda. Kwa hiyo nataka Singer 7, cherehani ya kazi nzito, iliyotumika. Zaidi ya ncha ya ndoano na kulegea kwa mhimili wa sindano, nikague nini kabla ya kulipa? Na mota ya klachi (inayozunguka muda wote) niibakize, au servo, mota ya kurekebisha kasi, ndiyo itanipa mwendo wa polepole?