Shampuu ya kipande bila kostiki: nina SCI ya vijitambi, naipikaje?

MamaWawili_Sakina

Habari za jioni wadau. Mi natengeneza sabuni ya maji hapa Sakina Arusha, zile za kawaida za slesi na salfoniki (viungo vya povu vya sabuni ya maji), wateja wangu ni saluni na migahawa. Sasa kuna dada mmoja wa saluni anashughulika na nywele natural na dredi, kila nikimpelekea mzigo ananiambia nimtengenezee shampuu ya kipande, kavu, mtu anaitia kwenye pochi anasafiri nayo haimwagiki. Na kuna kaka ana gesti Moshi anapokea wageni wa mlimani, nae anataka vidogo vidogo vya kuweka bafuni aachane na vichupa vya plastiki.

Nikaanza kusoma nikaona ziko za aina mbili, za kupikwa na kostiki na hizi za SCI, kiungo cha povu kisichopikwa na kostiki. Nataka za SCI kwasababu yule dada hataki kabisa sabuni ya kostiki kwenye kichwa cha mteja. Nimeagizia kilo mbili Nairobi zimekuja na basi la Namanga, ila sio unga, ni vile vijitambi vigumu vyeupe. Wengine wanasema sagia kwenye blenda kwanza, wengine wanasema usithubutu. Alafu slesi ninayo ndoo nzima, siwezi kuchanganya ili SCI inunuliwe kidogo maana bei yake mnaijua? Kwenye video wanaweka sitriki (ile asidi ya unga) mwishoni, mi ndimu ziko hapa nyumbani, si ni kitu kilekile? Na maji yetu ya huku yana floraidi, haitaharibu?

Samahani maswali mengi. Nawasilisha.

KemiaMtaani

Dada karibu, maswali yako ni ya msingi, wengi wanarukia kwenye manukato na rangi kabla hawajajua wanachopika.

Kwanza SCI, yaani sodiamu kokoili isethioneti, inatokana na mafuta ya nazi lakini sio sabuni, haijapitia kostiki ya kugeuza mafuta kuwa sabuni. Ndugu yake wa karibu ndo kiungo kikuu kwenye Dove ile ya kipande, ndo maana Dove haikaushi kama sabuni ya mche. Haiingii ngozini kirahisi kama SLS (sodiamu laurili salfeti, kiungo cha povu kikali zaidi), inatoa povu zito laini.

Kusaga: usisage. Vumbi la SCI likiingia puani na kooni utakohoa mpaka majirani waje, na hata ukiwa na ya unga unavaa barakoa wakati wa kupima, unafunga dirisha upepo usipeperushe, ukishalilowesha na betaini (kiungo cha povu cha maji, kipole) ndo unafungua. Vijitambi vyako havina shida, vinataka uvumilivu tu. Weka vijitambi na betaini kwenye bakuli la chuma au la kioo kinachohimili moto, koroga vilowe, funika, acha vilale hivyo usiku kucha. Asubuhi weka bakuli juu ya sufuria la maji ya moto, moto mdogo, ndani ifike nyuzi 75 mpaka 85, ifunike maji yasitoroke, kila baada ya muda unabonyeza bonyeza na mwiko. Usikoroge kama unapiga mayai, utajaza hewa na kipande kitakuwa na matundu na kitamomonyoka. Itachukua muda, saa nzima au zaidi, usiongeze moto kwa hasira. Ikishakuwa kama ugali mgumu unaoachia sufuria basi imeiva.

Sasa kitu ambacho watu hawaangalii ni nguvu halisi ya huo mzigo. SCI ya unga mara nyingi ni asilimia 85 hivi ya kiungo chenyewe, ya vijitambi mara nyingi ni 65, kilichobaki humo kwa sehemu kubwa ni asidi ya steariki na asidi nyingine za mafuta ambazo ndo zinafanya iyeyuke vizuri na kipande kiwe kigumu. Muulize aliekuuzia akupe karatasi ya vipimo vya ule mzigo, usikisie. Maana yake ukichukua mapishi ya mtu aliyetumia unga gramu 60 ukaweka vijitambi gramu 60 umepata 39 badala ya 51, alafu unaongeza na steariki juu kama mapishi yanavyosema, kipande kinakuwa nta, hakitoi povu, unalaumu SCI.

Kwa hivyo vyako mi ningeanza na gramu 100 tu ya majaribio: vijitambi 70, betaini 15, setili alkoholi (ile kama nta ya kulainisha) 6, siagi ya kakao 3, mafuta ya parachichi 2, panthenoli (ya kutunza nywele) 2, kihifadhi 1, manukato 1. Steariki usiweke, ipo tayari humo. Setili alkoholi na siagi ya kakao na parachichi unaziyeyusha pamoja pembeni unamimina ndani ya ile iliyoiva, unakanda. Ikishuka chini ya nyuzi 45 ndo unaweka panthenoli, kihifadhi na manukato, unavaa glavu unabonyeza kwenye moldi, hata zile trei za barafu za silikoni zinafaa kwa huyo wa gesti. Mizani iwe ile ndogo inayosoma gramu 0.1, hii ya jikoni inayoruka gramu tano tano itakudanganya kwenye kihifadhi.

Slesi hapana. Sio kwamba ni sumu, shampuu nyingi za chupa ni slesi, ila hiyo uliyonayo ni uji mzito wenye maji karibu asilimia 30, itakulegezea kipande na kitavuta unyevu bafuni. Salfoniki ndo kabisa, iache kwenye vyombo. Na ukikutana na muuzaji anakupa SCS (sodiamu koko salfeti) anakwambia ni ya nazi ni laini kama SCI, jua kwamba karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, kwahiyo sehemu kubwa ya hiyo SCS ni SLS ileile yenye jina zuri. Unaweza kutumia kidogo kuongeza povu, ila usimuuzie mtu kwa jina la upole.

Sitriki na floraidi nakuja, nimeitwa.

MzeeWaRau

Mama, salama? Mi niko huku Moshi, Rau, nimepika sabuni miaka mingi kwa kostiki na mafuta ya nazi, na nyonyo kidogo kwa ajili ya povu, na watu wanaoshea vichwa vyao nywele haziendi popote. Haya madawa ya Nairobi ni ya kuwatajirisha wauzaji. Unapika sabuni yako vizuri, unaiacha ikomae wiki nne mpaka sita, mteja akimaliza kuosha anasuuza na siki kidogo kwenye maji, kwisha. Au weka ndimu kwenye sabuni yenyewe ile ukali ushuke. Msiwatishe akina mama.

KemiaMtaani

Shikamoo mzee. Sibishi kwamba sabuni yako ni nzuri kwa mwili, na siki baada ya kuosha inasaidia kweli, ila hapo kwenye ndimu ndani ya sabuni naomba nitofautiane na wewe. Sabuni kwa asili yake iko pH (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi) 9 mpaka 10, haishuki hadi 5 au 6 ikabaki sabuni. Ukiiongezea asidi inavunjika inarudi kuwa asidi za mafuta, unabaki na kitu cha mafutamafuta kisichotoa povu. Kidogo ulichoweka hakibadilishi chochote, na kingi kinaua sabuni. Nywele zikikutana na hiyo pH 9 na kitu magamba yake yananyanyuka zinasokotana, kwa nywele zetu za kipilipili zinazokauka haraka ndo utasikia mtu analia kwenye kuchana.

Dada sasa ndimu: kwa SCI pia hapana. Ndimu ina sukari na maji na vitu vinavyooza na ukali wake haulingani, hii ina hivi ile ina vile. Sitriki ni unga safi unapima. Na hata hiyo sitriki usiweke kwa mazoea, pima kwanza, maana SCI na betaini zenyewe ziko upande wa asidi kidogo, mara nyingi kipande kinatoka 5.5 mpaka 6.5 bila kugusa. Ukizidisha ukaenda chini ya 5, au ikawa juu ya 8, SCI yenyewe inaanza kuvunjika taratibu, kipande kinapoteza povu kikiwa dukani. Kupima: chukua gramu 1 ya kipande, yeyusha kwenye gramu 9 za maji yaliyosafishwa, chovya karatasi ya pH. Maji ya bomba yatakudanganya kwa vile yana pH yake. Duka la dawa nunua vile vichupa vya maji ya sindano, bei ya chini na ni safi. Yale ya betri ya kwenye vituo vya mafuta soma chupa mara mbili, kuna maji na kuna asidi, zinauzwa rafu moja.

Floraidi: hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na inaharibu meno, wote tunajua meno ya kahawia ya watoto wa huku, ila kwa shampuu haina neno. Kinachokamatana na sabuni ya kostiki ni kalsiamu na magnesiamu, ndo yale maganda meupe kwenye beseni na nywele zinakuwa kama zina nta. Jaribu hivi, weka maji ya bomba lako kwenye chupa, tia vipande vya sabuni ya mche, tikisa. Povu likijaa maji yako ni laini, yakiwa meupe kama maziwa na povu dogo basi ni magumu. Mtaa na mtaa zinatofautiana, mwenye kisima na mwenye bomba sio sawa. SCI inavumilia maji magumu vizuri, ndo uzuri wake mwingine kwa mzee wangu hapo juu.

MzeeWaRau

Marahaba. Kwenye maji magumu umesema kweli, nina mteja ana kisima, yeye ndo analalamika kila siku. Ila bei hujajibu.

FundiNywele_Njiro

Mi sipiki, naosha vichwa tu, ila ntaongea kwa niaba ya yule dada wa saluni. Kipande kizuri kinaweza kuonekana kibaya kwa vile mtu hajui kukitumia. Kisisuguliwe kichwani kwa kuzungusha, hasa natural, utafunga nywele ndani ya nywele mpaka ukate. Mteja alowe kabisa kwanza, gawanya nywele mafungu manne, sugua kipande kwenye viganja upate povu, peleka kwenye ngozi ya kichwa kwa vidole, ile povu inayoshuka inatosha kuosha urefu.

Na dada Sakina, kama za dredi, toa siagi ya kakao na parachichi karibu zote, zile zinajificha katikati ya dredi haziishi, baada ya miezi linanuka na likikauka unaona uchafu wa kijivu. Tengeneza mbili tofauti. Ya natural iwe na mafuta, ya dredi iwe kavu na isuuzike upesi. Wapikaji wengi wanaweka siagi mpaka asilimia 10 wakidhani wanamfurahisha mteja, povu linakufa na nywele zinakuwa nzito.

BintiKijenge

Naomba kuuliza hapohapo, kwenye mapishi ya wazungu kuna BTMS (ile ya kulainisha nywele), nimesoma pia kwamba haipatani na SCI, ipi ni kweli? Na kipande kikavu kihifadhi cha nini?

KemiaMtaani

Dada Kijenge, BTMS ina chaji chanya na SCI ina chaji hasi, kwenye shampuu ya maji zikikutana zinaweza kuganda na kutoa kitu cha mawingu. Kwenye kipande kuna watu wanaweka asilimia 3 mpaka 5 na wanaridhika, lakini unalipa hela kwa vitu viwili ambavyo sehemu yake vinakamatana. Mi naona bora guar ya kationiki au polikwaterniamu 10, navyo ni vilainisha nywele, nusu asilimia tu, unaitawanya kwenye betaini mwanzoni, nywele zinateleza na povu halifi.

Kihifadhi: ile betaini unayoweka 15, karibu 10 yake ni maji. Na bafuni kipande kinalowa kila siku, kinashikwa na vidole, kinakaa kwenye kisahani chenye maji. Fenoksiethanoli na ethilheksili gliserini, ile inayouzwa zikiwa zimechanganywa, asilimia 1 inatosha.

Mzee, bei: usilinganishe kilo na kilo. Chukua bei ya kilo gawanya kwa nguvu yake. Tuseme unga wa 85 ni elfu 34 na vijitambi vya 65 ni elfu 28, unga ni 400 kwa kila asilimia na vijitambi ni 430, kwahiyo hicho kilichoonekana rahisi ndo ghali. Hizo ni namba za mfano, piga za muuzaji wako. Na ni kweli kipande cha SCI kitakuwa ghali kuliko sabuni yako, hakuna ujanja, ila hakihitaji wiki sita kabatini, siku mbili tatu kikauke hewani umeuza.

MamaWawili_Sakina

Jamani asanteni sana, Mungu awabariki, mzee wa Rau shikamoo na usiniache. Vijitambi vimeshalowa na betaini vimefunikwa, kesho nawasha moto mdogo. Nitafanya mbili kama alivyosema dada wa Njiro. Swali la mwisho, huyo kaka wa gesti anataka jina la gesti yake juu ya karatasi, kuna kibali?

Mjasiriamali_Mbauda

Kama unauza, ndio. Shampuu ni kipodozi, na vipodozi vilihamia TBS (Shirika la Viwango) 2019, zamani ilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwahiyo usiende kupanga foleni kusikohusika. Anzia ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapa Arusha, wanaelekeza wajasiriamali wadogo na watakuonyesha njia ya kwenda TBS. Karatasi iwe na viambato vyote, uzito, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha, namba ya toleo na jina lako wewe mtengenezaji, jina la gesti liwe pembeni. Anza kuandika daftari sasa hivi, kila bechi gramu zake na pH yake, watakuuliza. Na usifunge kikiwa na joto, karatasi italowa jasho.