Mt Kenya peke yangu, Chogoria hadi Sirimon, nilale kwenye maziwa: inawezekana?

kibegi_mgongoni
Wakuu habari za jioni. Niko Arusha. Mwaka juzi nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame nikafika juu salama, ila kusema ukweli sikufurahia kama nilivyotegemea maana kila kitu unafanyiwa, wagumu (wapagazi) wanakupita mbio na mahema kichwani, ukifika maji ya kunawa yameshachemka, kambi yenyewe kama stendi ya mabasi, mtu unakosa hata dakika kumi za kukaa kimya. Sasa nataka safari yangu mwenyewe. Nimeangalia ramani ya Mt Kenya nikaona upande wa mashariki kuna maziwa mengi mno, nikapanga hivi: naingia geti la Chogoria, usiku wa kwanza Lake Ellis, usiku wa pili na wa tatu Lake Michaelson, wa nne kambi ya Shipton's, alfajiri kilele cha Point Lenana halafu nashukia geti la Sirimon siku hiyohiyo. Hema langu, jiko langu la gesi, chakula changu. Begi nimelipima limefika kilo 17. Peke yangu kabisa. Mke wangu ameniuliza nimegombana na nani.

Naomba ushauri kwa waliokwisha kupita huko, hasa maji, baridi na wanyama. Nafikiria mwisho wa Januari.

msee_wa_nanyuki
Karibu Kenya boss. Hio plan ni safi lakini utakwama pale getini. Mtu mmoja bila guide haruhusiwi kulala ndani ya park, mimi mwenyewe nilifika Sirimon miaka kadhaa imepita na begi mgongoni nikijiona mwanaume, ranger akaniuliza swali moja tu, "wenzako wako wapi?" Nikarudi Nanyuki kulala na nyama choma. Kesho yake nikarudi na guide.

Kuingia mchana na kutoka wanakubali lakini hio haikusaidii wewe. Halafu hawashiki cash, unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, so maliza hio kitu ukiwa Nairobi penye mtandao uko sawa, na ubebe pasipoti ndio uangaliwe kama mtu wa East Africa.

pimbi_mwizi
Guide wa nini jamani?? Njia inaonekana, pakua ramani ya ofulaini kwa simu, pawabenki mbili, umemaliza. Hawa wanataka tu pesa za watu.

Wanjiku_wa_matope
@pimbi_mwizi njia inaonekana saa mbili asubuhi. Saa saba mchana ukungu ukishuka uje uniambie unaona nini.

Ndugu yetu wa Arusha, mimi nimepita hio njia yako mara mbili, wacha nikueleze vile iko. Kutoka geti la Chogoria mpaka Lake Ellis ni mwinuko mpole tu, msitu wa mianzi umeuacha chini na sasa ni nyasi zile za mafundomafundo na lobelia, pazuri mpaka unataka kuimba. Ziwa liko kama mita 3,500 hivi, limekaa wazi bila kizuizi kwa hivyo upepo ni wako wote. Funga hema vizuri, usiwache kitu nje.

Siku ya pili ndio ilinishika mara ya kwanza. Tulikuwa wawili bila guide, tukachelewa kuondoka ju mwenzangu alikuwa anapiga picha za ziwa, tukafika kwa ule mgongo juu ya korongo ukungu umeshafunga. Michaelson iko chini kabisa ndani ya Gorges Valley, na sehemu nyingine ya ukingo ni genge tu, pale wanaita The Temple ni ukuta wa karibu mita 300 unaoanguka mpaka kwa maji. Simu inakuambia njia iko mita tano kushoto, na hizo mita tano ndio zinakupeleka kwa Mungu. Tulikaa chini ya jiwe masaa mawili tukisikiliza maji huko chini bila kuyaona. Kulipofunguka dakika kumi tukaona tumeipita njia ya kushuka na tulikuwa tunaelekea ukingoni.

Mara ya pili nilienda na guide mmoja tu, mzee wa Chogoria anayetembea na gambuti, na saa tano asubuhi tulikuwa tumeshafika ziwani tunachemsha chai. Hio ndio siri yote ya ule mlima, asubuhi ni yako, kuanzia mchana ni ya mawingu. Na upande wa mashariki ndio unaonyeshewa zaidi hata msimu wa kiangazi, kwa hivyo Januari ni sawa lakini koti la mvua usiliwache nyumbani.

Kulala siku mbili Michaelson umepanga poa, usipunguze. Pale ni karibu mita 4,000, mwili unazoea. Siku inayofuata unapanda mpaka Simba Col, ile njia ya kuvukia mgongo wa mlima, mita 4,620, zaidi ya mita 600 juu na hio kilo 17 yako, halafu unashuka Shipton's. Hapo ndio utalia.

daktari_wa_kijiji
Naongezea kidogo kwenye hiyo hoja ya kupanda. Usidhani kwa sababu Kibo ya Kilimanjaro ni mita 5,895 na Lenana ni 4,985 basi mwili wako unakumbuka. Haukumbuki chochote, mwaka juzi ni mwaka juzi. Kichwa kikigonga kidogo ni kawaida, kunywa maji, pumzika, usipande zaidi siku hiyo. Ila ukianza kuyumba kama mlevi, au unakohoa na pumzi inakata hata umekaa, unashuka saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Na tatizo la kuwa peke yako ni kwamba mtu anayeyumba mwenyewe huwa anajiona yuko sawa tu, anayeona ni mwenzake.

kibegi_mgongoni
Aisee asanteni sana. Hilo la ranger sikulijua, nilidhani guide wa lazima ni Kilimanjaro tu. Sasa nikichukua guide si ndio narudi kulekule nilikokimbia? Halafu wanyama hamjanijibu.

msee_wa_nanyuki
Huku si kama huko, hakuna mtu anakulazimisha jeshi la watu ishirini. Chukua guide mmoja, bila porter bila mpishi, beba begi yako, pika chakula chako. Kubalianeni mapema kabla ya kulipa, yeye na hema yake na chakula chake, atembee mbele huko, mkutane pale njia inagawanyika. Mwambie tu wazi umekuja kunyamaza, hatakasirika, wengine hufurahi kupumzika kuulizwa maswali.

Wanyama: nyati na ndovu wako chini kwa msitu, kwa hivyo ile barabara kutoka Chogoria town mpaka getini usitembee, lipa Land Rover. Huko juu adui yako ni pimbi. Wale wa Shipton's wanafungua zipu.

pimbi_mwizi
Sina maoni.

Wanjiku_wa_matope
😂😂 Na hio kilo 17 punguza. Maji yako kila mahali, usibebe lita tano, beba mbili na uchemshe. Pesa uliyopanga kununua jiko la pili weka kwa mfuko wa kulalia wa maana, usiku Michaelson chupa yangu iliganda ndani ya hema.

kibegi_mgongoni
Mmejuaje kuhusu jiko la pili?? Haya nalitoa. Mwenye namba ya yule mzee wa gambuti anitumie inbox.

Wanjiku_wa_matope
Nakutumia. Ila yeye anapenda stori sana, nimekuonya.